Wanandoa mnaoomba PR ya Kanada: pigeni hesabu mara mbili kabla hamjaamua nani awe mwombaji mkuu

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni kwa mlio kwenye ndoa na mnafikiria kuomba ukaazi wa kudumu (PR) Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wao wa mtandaoni wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Wanaokwenda peke yao nyuzi zao zimejaa humu, leo naomba tuongelee watu wawili. Mimi na mke wangu tulipita njia hii, yeye ndo alikuwa mwombaji mkuu mimi nikiwa mwenza, sasa hivi tupo Winnipeg, na tangu ndugu na jamaa wajue hilo simu haziishi, na karibu kila anayepiga ni mwanaume anayeniuliza "nifungueje profaili yangu?" Namuuliza shemeji kasoma nini, ana miaka mingapi, Kiingereza chake kikoje, unakuta mtu hata hajawahi kufikiria kwamba hayo yana uzito, yeye ni baba wa nyumba basi faili linakuwa la kwake. Wakuu, ule mfumo haujui nani kichwa cha familia. Unahesabu pointi tu.

Kwa wageni kabisa: Express Entry ilianza Januari 2015. Ukiwa nje ya Kanada bila uzoefu wa kazi wa kule, mara nyingi unaingilia programu ya Federal Skilled Worker. Hapo mwombaji mkuu awe na angalau mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, Kiingereza cha CLB 7 (CLB ni ngazi za Kanada za kupima lugha) kwenye vipengele vyote vinne (kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS General hiyo ni 6.0 kila kipengele), vyeti vyake viwe vimepimwa kulinganishwa na vya Kanada na taasisi kama WES, na afikishe pointi 67 kati ya 100 za kuingilia. Ukishaingia kwenye kapu la wanaosubiri kuitwa ndo unakutana na pointi nyingine zinaitwa CRS, hizi ndo zinaamua nani anaitwa kwenye droo. Watu wanachanganya 67 na CRS kila siku, ni vitu viwili tofauti.

Sasa twende kwenye mfano, chukueni kalamu. Mume ana miaka 36, digrii moja, mhasibu wa miaka mingi, IELTS kapata CLB 7. Mke ana 29, digrii moja ya uuguzi, kazini zaidi ya miaka 3, IELTS kapata CLB 9. Wote hawajawahi kufanya kazi Kanada.

Mume akiwa mwombaji mkuu: umri 65, elimu 112, lugha 64, za mke kama mwenza 28 (elimu 8 na lugha 20), halafu zile za kuchanganya lugha na elimu na uzoefu wa kazi 38. Jumla 307.

Geuza. Mke awe mwombaji mkuu: umri 100, elimu 112, lugha 116, za mume kama mwenza 20, za kuchanganya 75. Jumla 423.

Familia ileile, vyeti vilevile, benki ileile, tofauti pointi 116! Na 307 ni pa kukaa kwenye kapu mpaka profaili ife baada ya mwaka. Sisemi 423 inatosha, kwa droo za siku hizi peke yake haitoshi, ila kutoka 423 kuna ngazi unaziona za kupanda, kutoka 307 huzioni. Halafu uuguzi una droo zake za afya tangu waanze kuchagua kwa makundi mwaka 2023, uhasibu haumo kwenye kundi hilo, kwa hiyo mke anafungua mlango ambao mume hana hata ufunguo wake.

Cheki tena hapo kwenye umri. Kuanzia miaka 30 kila birthday inakata pointi 5 ukiwa na mwenza, ukivuka 40 inakata 10 kila mwaka, ukifika 45 ni sifuri. Kwa hiyo kama mmoja ana 29 na mwingine ana 38 hilo ni jambo la kuliangalia kabla ya jingine lolote, msiendelee kusubiri "mpaka mwakani tukae vizuri".

Kitu kingine ni IELTS, na hapa naomba mnisikilize sana. CLB 9 inataka kusikiliza 8.0, vingine vyote 7.0. Mtu anapata kusikiliza 7.5 anashangilia, na kweli kwa maisha ya kawaida hicho ni Kiingereza kizuri mno, ila kwenye CRS ameshuka CLB 8 kwenye kipengele kimoja na ile zawadi ya kuchanganya inataka 9 kwenye vyote vinne. Kwa huyo mke wa mfano wetu 75 inakuwa 38, na lugha yenyewe inapungua 7. Pointi 44 zimeondoka kwa nusu bendi. Bora kulipia mtihani mara ya pili kuliko kwenda kumlipa ejenti milioni kadhaa akufungulie profaili ambayo kuifungua ni bure.

Mke wangu alikuwa anafanyia mazoezi jikoni, spika ndogo juu ya friji, anapika huku anasikiliza yale mazungumzo ya mtu anapanga chumba anataja namba ya simu na spelingi za majina, na akikosa herufi moja anazima jiko anarudisha nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika karatasi ya majibu na kuhakikisha mtoto haingii. Kwa niliyoyaona mimi, kusikiliza kunawatoa wengi wetu, siyo kwa sababu hatuelewi, ni kwa sababu tumesomea Kiingereza cha kuandika.

Karibuni kwa maswali, nitarudi jioni.

#2, mdau wa Mwanza

Mkuu shukrani kwa uzi. Mi ejenti kaniambia nimuandike mke kwamba haandamani na mimi, ili nihesabiwe kama single pointi zipande, halafu nikifika nimvute. Hii imekaaje?

#3, mleta uzi

Swali zuri, na wengi wanaumizwa hapa. Ngoja nikuonyeshe kwa namba. Chukua yule mke wa mfano, amuandike mume haandamani: umri 110, elimu 120, lugha 124, kuchanganya 75, jumla 429. Akienda na mume ni 423. Yaani unaitenganisha familia kwa pointi 6!

Hesabu inabadilika pale ambapo mwenza hajafanya IELTS wala hajapima cheti, hapo anakuletea sifuri na 423 inashuka 403. Sasa dawa ni nini, kumuacha nyuma au kumpeleka akafanye mtihani? Mwenza halazimishwi kufanya mtihani wa lugha, ndo maana watu wanauruka kubana hela, halafu wanaanza kutafuta ujanja wa kuziba shimo walilolichimba. Digrii ya mwenza ni pointi 8, CLB 7 ni 12, CLB 9 ni 20. Lipieni mitihani miwili.

Kumuandika haandamani siyo kosa kama ni kweli haendi, labda ana kazi yake au anauguza mzazi. Ila lazima umtaje kwenye fomu, na naye apimwe afya na alete cheti cha polisi hata kama haendi. Na pesa za kuonyesha (salio la benki la kujikimu mkifika) zinahesabu familia nzima pamoja na wasioandamana. Usipomtaja kabisa, au asipopimwa, sheria yao inasema baadaye huyo hahesabiki kuwa ndugu wa familia unayeweza kumdhamini. Watu wamekaa miaka wanahangaika na hilo. Na ukiandika uongo, mfano mnaishi chumba kimoja mnapanga kusafiri pamoja halafu umejaza "haandamani" kwa ajili ya pointi, ofisa akishtuka anakutumia barua ya kukutaka ujieleze, maelezo yasipokaa sawa ni udanganyifu, marufuku miaka 5. Huyo ejenti wako hafungiwi, unafungiwa wewe. Muulize namba yake ya leseni kwanza, washauri wa kweli wako kwenye rejista ya College of Immigration and Citizenship Consultants unaitafuta mwenyewe mtandaoni bure.

#4, mdau wa Nakuru

Sasa wadau, niko Kenya. Mimi na bibi yangu tulifanya ndoa ya kitamaduni, mahari ilipelekwa, wazee wakakula mbuzi, lakini hatuna cheti. Tuko na mtoto mmoja. Tujaze nini, single ama married?

#5, mleta uzi

Ndugu yangu, single usijaze. Kenya tangu sheria ya ndoa ya 2014 ndoa ya kimila inasajiliwa kama nyingine, nendeni mkasajili mpate cheti mambo yaishe. Kama mmekaa pamoja mwaka mzima mfululizo mnaweza pia kujaza kama mwenza wa bila ndoa, Kanada wanamtambua sawa na mke ila mtabebeshwa mzigo wa ushahidi, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, bili za umeme, akaunti ya pamoja, picha za miaka tofauti. Cheti ni rahisi zaidi.

Na hapo hapo niwaambie ndugu zangu Waislamu jambo ambalo halisemwi. Kuanzia 11 Juni 2015 Kanada haitambui ndoa ambayo mmoja hakuwepo kimwili wakati inafungwa. Zile za bwana yuko Muscat au Toronto, bibi yuko Tanga, ndoa inafungwa kwa simu au video, kwetu ni halali na watu wanakula pilau, ila faili lao linaikataa kwenye kumuombea mwenza. Kama ndo ilivyokuwa, njia ni kufunga upya mkiwa wote wawili mbele ya msajili, au mkae pamoja mwaka mmoja. Mfanye hivyo kabla ya kutuma ombi. Na mwenye wake wawili, Kanada haitambui ndoa ya mitala, kaone mwanasheria kabla hujajaza chochote.

#6, mdau wa Mbeya

Mkuu mimi nakupinga kidogo. Mwanaume kwenda kama "tegemezi" wa mke ugenini ndo mwanzo wa ndoa kuvunjika. Tumeyaona.

#7, mleta uzi

Nakuheshimu mkuu, na hofu yako naielewa maana wazee wangu waliniuliza hivyohivyo kwenye kikao. Nikawajibu hivi: neno mwombaji mkuu linaishia kwenye fomu. Siku mnatua wote wawili mnapewa PR ileile, kadi ileile, kila mtu na namba yake, unaweza kuajiriwa popote, kusoma, kufungua biashara, bila kibali cha mkeo. Hakuna mstari kwenye kadi yangu unaosema niliingia kwa mgongo wa mtu. Ndoa zinazovunjika huku zinavunjwa na zamu za usiku, bili za nyumba na watu kutokuongea, hilo tulifungulie uzi wake. Ila mwanaume kumzuia mke mwenye 423 ili yeye akae na 307, huo si uongozi wa familia, hapo familia nzima imebaki pale pale ilipo.

#8, mdau wa Lubumbashi

Jambo wandugu. Miye niko Congo, bibi yangu njo alisoma sana, wote tunasema Français tangu masomo, Anglais yetu iko kidogo. Tuko na chance ao hapana?

#9, mleta uzi

Kaka, ninyi mna kitu ambacho sisi wa Dar tunakilipia ada! Kifaransa kina droo zake, ile ya 21 Machi 2025 ilishuka mpaka pointi 379 wakati droo za wenye uzoefu wa Kanada mwaka huohuo zilikuwa juu ya 500. Bibi yako afanye mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, akipata kiwango cha 7 kwenye vipengele vyote vinne anaongezewa pointi 25, na kama ana na Kiingereza cha CLB 5 inakuwa 50. Kwa hiyo kile Kiingereza kidogo msikidharau, CLB 5 si mbali. Na wewe mwenyewe fanya mtihani wa Kifaransa, pointi za mwenza unazipata kwa lugha hiyo pia. Ndugu zangu wa Bujumbura hii inawahusu vilevile.

Na wabongo mnaouliza, ndiyo, inawezekana kujifunza. Yule mke wa mfano akiongeza Kifaransa cha kiwango cha 7 anapata 50 na nyingine 12 za lugha ya pili, 423 inakuwa 485 na anaingia kwenye droo za Kifaransa. Siyo kazi ya miezi miwili, ila kama mmoja wenu hana kazi kwa sasa, hiyo ndo kazi yake. Alliance Française ipo Dar na Arusha. Hakikisheni tu anayejifunza ni yule mwombaji mkuu, maana zile 50 hazihesabiwi kwa mwenza.

#10, mdada wa Dodoma

Kaka yangu asante sana. Tuambie gharama za wawili, na hizo pesa za benki. Sisi hela yetu ipo kwenye kikoba na kiwanja.

#11, mleta uzi

Dada yangu, kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024 kila mtu mzima ilikuwa dola za Kanada 1,525 (950 za kushughulikia na 575 za haki ya ukaazi), alama za vidole familia 170, kwa hiyo wawili 3,220, mtoto 260. Wanapandisha kila baada ya miaka 2, hakikisha kwenye ukurasa wa IRCC (idara ya uhamiaji ya Kanada) siku ya kulipa. Bado mitihani, kupima vyeti, vipimo vya afya. Hivyo vipimo tangu 21 Agosti 2025 unavifanya kwanza ndo unatuma ombi, kwa daktari waliyemuidhinisha wao tu, cheti cha daktari wa mtaani hakiingii.

Pesa za kuonyesha ni tofauti, hulipi mtu, unaonyesha zipo. Kwa viwango vya Julai 2025 familia ya watu 2 ilikuwa dola 19,001, watu 3 ilikuwa 23,360. Benki ikuandikie barua yenye nembo yake, namba ya akaunti, lini ilifunguliwa, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni uliyonayo. Huo wastani ndo unaoua watu. Kiwanja hakihesabiwi mpaka kiuzwe, na kikiuzwa wekeni mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa wakili pamoja na risiti ya benki ya siku hiyohiyo ili ofisa aone hela imetoka wapi. Kikoba mkigawana mwisho wa mwaka, pitisheni benki yote, msibaki nayo ndani, na ombeni karatasi ya kikundi yenye mihuri. Hela ya kuazima kwa shemeji ikae wiki moja irudi, wanaijua. Akaunti inaweza kuwa ya mke, ya mume au ya pamoja, ila anzeni mapema, maana wakikuita una siku 60 tu za kukamilisha kila kitu.

Na ndani ya siku 60 usitegemee kuanza kutafuta barua za kazi. Ya kwanza aliyopewa mke wangu ilikuwa mistari miwili, "ni mtumishi wetu tangu mwaka fulani, tunamtakia heri". Haina maana. Barua iseme cheo, tarehe, saa 40 kwa wiki au ngapi, mshahara, na kazi alizokuwa anazifanya moja moja, mfano kutoa dawa, kufuatilia wagonjwa baada ya upasuaji, kusimamia wauguzi wa zamu. Yeye aliandika orodha ya kazi zake akamkalisha bosi wake wakaipitia pamoja, bosi akasaini kwa moyo mmoja.

Majina pia. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasi ina matatu, cheti cha ndoa kimeongeza la mume. Kaleni kiapo kwa wakili mapema na kiandike majina yote. Cheti cha ndoa kikiwa Kiswahili kitupu kitafsiriwe na mtu asiye ndugu yenu, hata kama kaka yako ni mkalimani hapokelewi. Na kila nchi mliyokaa miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 10 inatakiwa cheti cha polisi, kwa wote wawili, kwa hiyo mliopo Doha au Dubai chukueni kabla hamjaondoka, ukishakuwa Kahama kukipata ni safari nyingine.

#12, mdada wa Dodoma

Nashukuru sana. La mwisho samahani, mimi nitakuwa mwenza. Huko mbele tukiachana (Mungu aepushe) ananinyang'anya PR? Mume wangu anapenda kusema "nitakurudisha".

#13, mleta uzi

Dada yangu, hapana, hawezi. PR ni yako kwa jina lako. Zamani kulikuwa na utaratibu wa mke au mume aliyedhaminiwa kutakiwa aishi na mdhamini miaka 2 la sivyo anapoteza, ulifutwa Aprili 2017, na hata hivyo ulikuwa wa kudhaminiwa, siyo huu wa kuomba pamoja. Kinachoweza kukutoa ni mengine, kama kutokukaa Kanada siku 730 ndani ya kila miaka 5, au faili kugundulika lina uongo. Kwa hiyo hakikisha unalisoma faili lote kabla halijatumwa, kila ukurasa, hata kama akaunti kaifungua yeye, kwa sababu uongo wake unakuangukia na wewe. Pasi yako ishike mwenyewe, barua ya kuthibitisha ukaazi wako ukiipata weka kopi kwenye barua pepe ambayo yeye hana neno la siri. Na ukifika, fungua akaunti yako ya benki na uchukue namba yako ya SIN (namba ya kuajiriwa na kodi) wewe mwenyewe kwenye kaunta, usimuachie akuchukulie.

Halafu hebu niandikie piemu umri wako, elimu na alama za IELTS kama unazo. Inawezekana mwenye faili awe wewe.